Kazi Nayo ni Dozi

Mtu akigunduliwa kuwa na kisukari, shauri analopewa kabla hajatoka kliniki karibu kila mara ni lile lile: punguza vitu vitamu, punguza mwili, fanya mazoezi. Linamfaa mfanyabiashara wa Mwingi mjini aliyenenepa nyuma ya kaunta, kwa kuwa kisukari chake aghalabu ni cha aina ya pili, ambapo insulini ipo lakini mwili umekuwa mgumu kuiitikia. Lichukue shauri hilo ulipeleke Tseikuru, kaskazini kabisa ya kaunti ya Kitui, ambako nchi inateremka kuelekea mto Tana na joto halipungui hata jioni, ukampe msichana wa miaka 12 ambaye kongosho lake limeacha kutengeneza insulini. Hana mwili wa kupunguza, maana ugonjwa umekwisha kumkondesha. Na mazoezi aongeze yapi? Shule anaiendea kwa miguu, maji huyafuata na punda aliyebebeshwa majerikeni ya lita 20, na siku za mapumziko yuko malishoni na mbuzi. Kumwambia mtoto kama huyo afanye mazoezi ni kutomtazama. Anachohitaji ni mtu wa kumweleza mazoezi anayoyafanya tayari yanafanya nini ndani ya damu yake. Hoja yangu ni kwamba kazi hiyo yote, ya jembe, ya maji na ya mifugo, ihesabiwe ndani ya matibabu yake kama zinavyohesabiwa uniti za insulini, na kwamba wanaomtibu wampe vifaa vya kuihesabia.

Kisukari cha aina ya kwanza hakiletwi na sukari kwenye chai wala na uvivu. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kuziangamiza chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Kwa nini hasa hugeuka, sayansi bado inatafuta. Matokeo yake yanajulikana: bila insulini sukari hubaki kwenye damu wakati misuli ina njaa, mtu hukojoa mno, hushikwa na kiu isiyokatika, hukonda, na mwishowe asidi ya ketoni humjaa damuni na kumuua. Hadi mwaka 1922 haikuwapo dawa. Tarehe 11 Januari mwaka huo, mjini Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa dondoo la kongosho lililotayarishwa na Frederick Banting na Charles Best. Sindano ile haikumsaidia sana. James Collip akaisafisha dawa, na ilipochomwa tena tarehe 23, sukari ya kijana ilishuka. Thompson, aliyekuwa akingojea kufa, aliishi miaka 13 zaidi. Wavumbuzi hao waliuza haki za uvumbuzi wao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, ili dawa isije ikawa mali ya mtu. Inafaa kulikumbuka hilo kila tunapojadili nani alipie chupa ya insulini inayohitajika Tseikuru.

Miaka minne tu baadaye jambo la pili likajulikana, nalo ndilo ninalolishikilia hapa. R. D. Lawrence, daktari Mskoti aliyekuwa na kisukari mwenyewe, alikuwa amehamia Florence, Italia, akisubiri mwisho wake, ndipo mwaka 1923 habari ya insulini ikamfikia na kumrudisha London. Mwaka 1926 alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba mazoezi huongeza nguvu ya insulini: dozi ile ile, mwili ule ule, lakini mtu akiwa kazini sukari hushuka kwa kasi kuliko akiwa amekaa. Leo tunajua sababu. Misuli inayofanya kazi hufungua njia zake yenyewe za kuvuta sukari kutoka damuni, na baada ya kazi huendelea kuvuta kwa saa 24 na zaidi ili kujaza akiba iliyotumika. Kwa mtu asiye na kisukari hakuna hatari, kwani kongosho hupunguza insulini mara tu anapoanza kutembea. Lakini aliyechoma sindano saa moja asubuhi hawezi kuirudisha saa nne anapopanda kilima. Na joto huongeza jambo hili: damu hukimbilia kwenye ngozi, nayo insulini iliyochomwa chini ya ngozi huingia mwilini upesi zaidi, hasa ikiwa imechomwa kwenye paja na paja lenyewe liko safarini. Jua la Tseikuru, kwa hiyo, lina mkono wake katika dozi.

Wazazi wasioelezwa haya huangukia moja kati ya makosa mawili, na yote mawili hutokana na upendo. Kosa la kwanza ni kumfungia mtoto nyumbani. Haendi malishoni, hachezi mpira, haitwi kwenye mwethya watu wanapokusanyika kuchimba matuta, na shuleni mwalimu anamketisha chini ya mti wenzake wakikimbia. Mtoto huyo huondolewa katika maisha ya jamii yake kabla ugonjwa haujamwondolea chochote. Tena hudhurika mwilini: misuli isiyotumika huhitaji insulini nyingi zaidi, na moyo na mishipa, ambayo ndiyo kisukari huishambulia baada ya miaka, hukosa kinga ambayo mwendo ungeipa. Kosa la pili ni kumtuma kama wengine bila kubadilisha lolote: sindano ile ile, uji kikombe kimoja, kisha kutwa nzima juani. Huyo ndiye atakayeonekana saa nane mchana akitetemeka, jasho jembamba likimtoka, akizungumza ovyo, na asiyejua atadhani amelewa au amepandwa na pepo. Usiku wake nao una hatari, kwa sababu misuli iliyochoka bado inavuta sukari wakati yeye amelala.

Kati ya makosa hayo kuna njia, nayo imeandikwa na wataalamu kwa tarakimu. Mwongozo wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2017 unasema anayeanza kazi ya mwendo ya muda wa hadi saa moja inafaa awe na sukari kati ya milimoli 7 na 10 kwa lita. Ikiwa chini ya hapo, ale kwanza. Ikiwa juu sana na kipimo kinaonyesha ketoni, asiende kazini kabisa, kwa sababu hapo tatizo ni upungufu wa insulini, na mwendo utazidisha asidi. Ikishuka chini ya 4 akiwa njiani, asimame pale pale, ale gramu 15 hadi 20 za sukari ya haraka, yaani vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari ya kawaida, asubiri dakika 15, kisha apime tena. Asali inafaa kwa kazi hiyo hiyo, na sehemu za Mwingi zina sifa ya asali. Watu wengi huamini kwamba asali, kwa kuwa ni ya asili, haimdhuru mwenye kisukari. Hupandisha sukari ya damu kama sukari nyingine, na kwa sababu hiyo hasa inastahili kukaa kwenye kichupa kidogo mfukoni mwa mchungaji, iliwe siku ya hatari, isiwe ya kunywea chai kila asubuhi. Hatari ikipita, ndipo ale chakula kinachokaa: muthokoi, isyo, kiporo cha kunde au ndengu, ambavyo huachia sukari polepole na kumbeba hadi jioni. Kabla ya kulala apime tena, na kama kutwa ilikuwa ya kazi nzito, atie kitu tumboni. Kiasi cha kupunguza kwenye sindano kabla ya siku ya kazi hupangwa na mhudumu wa kliniki anayemjua, kwa kutazama vipimo vya siku zilizopita. Si jambo la kubahatisha.

Wala si jambo la mtu mmoja. Anayechunga naye lazima ajue dalili, ajue sukari iko mfuko gani, na ajue kwamba mwenzake akipoteza fahamu hapaswi kumiminiwa kitu kinywani: amlaze kwa ubavu na apige mbio kuita watu. Mwalimu naye lazima ajue, na aruhusu peremende darasani bila mahojiano. Mambo haya yanafundishika kwa mchana mmoja, na Ukambani, ambako kazi kubwa tangu zamani hufanywa kwa vikundi, mtu hakosi wa kufuatana naye.

Yapo mapingamizi, nami sitaki kuyapita juu juu. La kwanza husemwa na wale wanaotaka kwenda mbali kuliko hoja inavyoruhusu: kama kazi inashusha sukari, je, mchapakazi hawezi kuacha sindano? Hapana. Katika aina ya kwanza insulini haina mbadala. Kazi hupunguza kiasi kinachohitajika, haikifuti, na anayeacha kabisa huweza kufa katika muda wa siku chache hata akiwa na nguvu kama za punda. Jibu ni hilo hilo kwa mizizi, unga wa majani na maombi yanayoahidi kuponya. Sipingi mtu kuomba, na mimea mingi ya nchi ni chakula kizuri. Ila hakuna mzizi uliowahi kuzirudisha chembe za kongosho zilizokufa, na anayempokonya mtoto sindano kwa ahadi hiyo anampokonya uhai. Ninalisema kwa ukali kwa sababu wanaokufa hivyo ni watoto, nao hawakuchagua.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Wanaohubiri maisha ya nguvu hupenda kuwataja wanamichezo. Gary Hall, muogeleaji wa Marekani, aligunduliwa kuwa na aina ya kwanza mwaka 1999, akaambiwa na baadhi ya madaktari kwamba michezo imekwisha, kisha akashinda dhahabu ya mita 50 katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 na tena Athens mwaka 2004. Alexander Zverev wa Ujerumani, mwenye ugonjwa huu tangu utotoni, alitwaa dhahabu ya tenisi Tokyo mwaka 2021. Anayepinga atasema: hao wana madaktari wao, wana vipimo visivyohesabika, wana majokofu kila waendako, kwa hiyo mfano wao una maana gani kwa mchungaji wa Tseikuru? Nakubali nusu. Mfano wao unathibitisha kwamba mwili wenye aina ya kwanza haukukatazwa chochote, na hilo si dogo kwa mzazi wa Kitui, kaunti iliyomtoa Benson Masya, bingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni mwaka 1992, anayejiuliza kama mwanawe aachwe akimbie. Lakini mfano huo unathibitisha pia kwamba tofauti iko kwenye vifaa. Hall hakuogelea kwa ushujaa mtupu. Aliijua sukari yake kabla ya kuruka majini. Mchungaji wetu akiijua yake, naye atapanda kilima.

Pingamizi la tatu ni la njaa, na hilo ndilo linalonishughulisha kuliko yote. Hesabu ya dozi, chakula na kazi hudhani kwamba chakula kipo. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022 mvua zilikosa kutosha misimu mitano mfululizo katika sehemu kame za Kenya, Ethiopia na Somalia, na Kitui ya kaskazini ni nchi inayotegemea mvua za mwisho wa mwaka kuliko hata zile za masika. Mwaka wa namna hiyo safari ya maji hurefuka na sahani hupungua, yaani kazi huongezeka wakati chakula kinakosekana, na vyote viwili huishusha sukari. Anayetumia insulini ya mchanganyiko, ile yenye sehemu 30 za haraka kwa 70 za polepole, amefungwa: akishachoma asubuhi, lazima ale mchana, apende asipende. Anayepewa insulini mbili mbalimbali, ya polepole kwa ajili ya siku nzima na ya haraka kwa ajili ya mlo, ana nafasi ya kupumua, kwa kuwa mlo ukikosekana huiacha ile ya haraka na kubaki na ile ya msingi. Insulini imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima tangu orodha hiyo ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1977, na zile za kisasa zinazofanya kazi polepole ziliongezwa mwaka 2021. Kwa hiyo ninaposema daktari wa nchi kame aandike dawa kwa kuitazama kalenda ya mvua, sidai dawa ya kifahari. Na misaada ya chakula inapogawanywa wakati wa ukame, kaya yenye mtu wa sindano inastahili kutazamwa mapema, kwa sababu njaa inayomdhoofisha jirani yake kwa wiki inaweza kumwangusha yeye kwa saa.

Na joto je? Kwa miaka mingi joto ndilo lililotumiwa kuwanyima watu wa nchi kame insulini ya kukaa nayo nyumbani. Kanuni zilidai jokofu, na nyumba nyingi hazina. Jibu lilitoka ng'ambo ya Tana, katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaunti ya Garissa. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichunguza insulini katika joto la namna ya nyumba za kambini, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba baada ya wiki nne nguvu yake ilikuwa sawa na ya ile iliyowekwa kwenye baridi. Chupa iliyofunguliwa hutumika kwa muda wa wiki nne hivi, basi joto la ndani ya nyumba halikuwa sababu ya kumwendesha mtu hospitali kila siku kwa ajili ya sindano. Chungu cha udongo kilicholoweshwa maji, kikiwekwa kivulini penye upepo, husaidia zaidi kwa kupoza kilicho ndani, na ufinyanzi ni kazi ya kale Ukambani. Tahadhari zake ni chache: isianikwe juani, isiachwe ndani ya gari, isigandishwe, na akiba ya miezi ikae kwenye jokofu la zahanati.

Linabaki lile ninaloliona kuwa kiini cha shida, nalo ni vile vipande vyembamba vinavyopokea tone la damu, ambavyo kliniki zetu huviita stripu. Yote niliyoyaeleza, 7 hadi 10, chini ya 4, kupima kabla ya kulala, hayana maana kwa asiye na stripu. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 1993, uliowafuatilia watu 1,441, ulionyesha kwamba wanaojichoma angalau mara tatu na kupima angalau mara nne kwa siku hupunguza ugonjwa wa macho kwa asilimia 76, na wa figo na neva kwa nusu au zaidi. Ulionyesha pia upande wa pili: kushuka vibaya kwa sukari kuliongezeka mara tatu hivi. Maana yake kwa Tseikuru ni nzito. Ukimpa mtu insulini ya kutosha na kazi tele bila kipimo, umempa zile hatari na kumnyima ulinzi. Kenya imepiga hatua. Programu ya Changing Diabetes in Children, iliyoanzishwa mwaka 2009 na kuletwa hapa nchini, imewapa watoto wengi insulini na vifaa bila malipo. Septemba 2023 serikali ilizindua mikoba 100,000 ya wahamasishaji wa afya ya jamii, na ndani yake mna mashine ya kupima sukari. Mashine hiyo inaweza kumwokoa mtoto anayetibiwa malaria kumbe ni kisukari, ikiwa mhamasishaji atazoea kumpima kila mtoto anayekonda na kukojoa mno. Lakini mashine isiyo na stripu haipimi chochote, na anayeishi na aina ya kwanza anahitaji kadhaa kila siku maisha yake yote.

Watasema wagonjwa wa namna hii ni wachache, na bajeti ya kaunti ina malaria, uzazi na nyoka wa kushughulikia. Ni kweli ni wachache, na kwa hiyo gharama yao ni ndogo. Lakini idadi yao halisi imefichwa pia na vifo visivyoandikwa jina sahihi. Rwanda ilionyesha zamani kwamba wauguzi wa hospitali za wilaya za vijijini, wakifundishwa, wanaweza kuwahudumia watu wa aina ya kwanza bila kuwapeleka mji mkuu, na mpango uliotokana na kazi hiyo, PEN-Plus, ulipitishwa na nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani barani Afrika mjini Lomé, Agosti 2022. Kenya ilikuwamo. Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoagiza dawa kaunti ya Kitui ni moja: kila chupa ya insulini inayopelekwa Tseikuru ipelekwe pamoja na stripu zake, ziandikwe kwenye fomu moja, na zikikosekana ihesabiwe kwamba insulini imekosekana. Na mzazi unayesoma haya, usimketishe mwanao chini ya mti. Mpime, mlishe, mtie sukari mfukoni, mpe mwenzake wa kufuatana naye, umwache aende malishoni.